Poliesta na Kazi ya Kuunga Minyororo

Mwishoni mwa miaka ya 1980, nilipoanza kazi ya maabara nchini Ujerumani, asidi laktiki ilitutesa. Molekuli zake zikishikana hutoa maji, na maji hayo yakibaki huzuia mnyororo usirefuke. Tuliipika kwa saa nyingi, huku pampu ikivuta hewa na mvuke kutoka kwenye chupa. Tulichopata kilivunjika vidoleni: uzito wa molekuli ulikuwa maelfu machache, na plastiki ya kufungashia inahitaji kama laki moja. Mkemia Wallace Carothers alikumbana na kikwazo hicho tangu miaka ya 1930. Njia ya laktidi, yaani pete ya molekuli mbili za asidi laktiki, ilitoa minyororo mirefu, lakini kuisafisha laktidi kulikuwa ghali.

Kisha zikatufikia habari za poliesta iitwayo Bionolle kutoka Japani. Watengenezaji wake hawakung'ang'ania kumaliza kila kitu chunguni. Walitengeneza poliesta ya urefu wa wastani, kisha wakaziunga ncha zake kwa diaisosayaneti. Kemikali hiyo hudhuru mapafu, ndiyo maana nilifurahi zaidi zilipokuja dawa za epoksi, ambazo molekuli yake moja hushika ncha kadhaa.

Siku ya kuijaribu dawa hiyo nilisimama mdomoni mwa ekstruda ya skrubu mbili, mashine inayoyeyusha na kusukuma plastiki. Poliasidi laktiki, yaani poliesta ya asidi laktiki, ilitoka nyepesi kama uji, ikikatika kabla ya kufika kwenye beseni la maji. Tukaongeza dawa, haikufika hata asilimia moja. Baada ya dakika chache mshale wa ampea za mota ukapanda, uzi ukanenepa pale tunduni, ukavutika hadi beseni bila kukatika. Kazi iliyokula kutwa nzima chupani ilikuwa imefanyika ndani ya pipa la chuma la ekstruda, kwenye nyuzi joto 200 hivi.

Ukizidisha dawa, minyororo hufungamana ovyo na filamu hujaa vidonge vya jeli. Pia dawa si ruhusa ya kuingiza punje za plastiki zisizokaushwa. Maji yakizidi sehemu 250 kwa milioni, yanakata minyororo upande huu huku wewe unaiunga upande ule. Vijana wa leo huniona mkali kwa jambo hili, nami sitalegeza. Punje zilizokauka vizuri huhitaji dawa kidogo, na hata mabaki ya kiwandani, yaliyochakaa kwa joto na ambayo zamani zile yalitupwa tu, sasa tunayarudisha mashineni yakatoka filamu inayofaa.