Tanga na Foromali: Habari za Vyombo vya Lamu

Wengi wenu mwakaa bara, mbali na bahari, na watoto wenu hawajapata kuona tanga ila katika picha. Basi leo twawachukua mpaka Lamu, kisiwa kilicho kaskazini mwa pwani ya Kenya, tukatazame jinsi watu wa huko wautumiavyo upepo.

Mji wa Lamu ni wa kale, nao mwaka 2001 uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Njia zake ni nyembamba, na mizigo mingi huchukuliwa na punda. Lakini njia yake iliyo kuu ni maji: atakaye kwenda Manda au Pate hana budi kupanda chombo. Huko Matondoni, kijiji cha kisiwa hicho hicho, wapo mafundi waundao vyombo kwa mikono kama walivyofundishwa na baba zao.

Pepo zilizo kubwa ni mbili. Kaskazi huvuma tangu Desemba mpaka Machi, na kusi huanza Aprili ikaendelea hata Septemba. Majira ya katikati, pepo zigeukapo, huitwa tanga mbili, kwa kuwa chombo chaweza kusafiri huku na huku.

Mashua ya Lamu ina mlingoti mmoja, nao haukusimama wima kama nguzo ya nyumba, bali umeinama mbele. Juu yake hutundikwa mti mrefu uitwao foromali, ambao mara nyingi urefu wake ni sawa na wa chombo chenyewe, au wazidi. Kwa kawaida foromali ni miti miwili au zaidi iliyofungwa pamoja kwa kamba. Katikati ni nene, nchani ni nyembamba, ipate kupindika upepo uzidipo, isivunjike. Tanga hufungwa katika foromali, kisha hutwekwa. Pembe yake ya mbele hufungwa karibu na omo, nayo ndiyo joshi. Pembe ya nyuma huvutwa kwa kamba iitwayo demani. Kwa hiyo upande utokako upepo huitwa upande wa joshi, na ule uendako upepo, upande wa demani.

Watu wa bara huuliza, Je, chombo chawezaje kwenda kule utokako upepo? Upepo ukilipiga tanga kwa mshazari hutaka kukisukuma chombo ubavuni, lakini mkuku uliomo majini hukataa. Basi chombo hakina njia ila kusonga mbele. Hata hivyo hakiwezi kuukabili upepo uso kwa uso. Hubisha, yaani huenda mshazari upande huu, kisha upande wa pili, mpaka kifike.

Kazi iliyo ngumu ni kugeuza. Mabaharia hukizungusha chombo mpaka upepo utoke tezi. Demani hulegezwa, tanga likapepea mbele, na foromali husimamishwa wima, ikapitishwa mbele ya mlingoti mpaka ng'ambo. Kazi hiyo huitwa kukisi. Sasa mwaona faida ya mlingoti kuinama: huiachia foromali nafasi ya kupita.

Hapo ndipo penye hatari. Upepo ukilishika tanga kwa nyuma kabla watu hawajawa tayari, foromali yaweza kuvunjika na chombo kupinduka. Tena kwa desturi tanga hili halikunjwi likapunguzwa. Upepo ukizidi, hutuliwa, likawekwa lingine lililo dogo. Basi ashikaye demani haifungi kwa fundo lisilofunguka upesi, ili dhoruba ya ghafula ijapo aiachilie mara moja. Fundo moja la uvivu laweza kuwaangamiza wote waliomo.

Vyombo vya pwani si vya namna moja. Unguja, Pemba na Mafia wana ngalawa, iliyochongwa katika gogo, mara nyingi la mwembe, nayo ina mirengu na matengo pande zote mbili isipinduke. Zamani palikuwa na mtepe wa Wabajuni, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi pasipo misumari, na tanga lake la mraba lilikuwa mkeka. Myunani mmoja wa karne ya 1 aliandika habari za vyombo vya kushonwa katika pwani hii. Mitepe ilikoma katika karne ya 20. Tanga la mkeka nalo lilikwisha kuachwa kwa ajili ya merikani, kitambaa cha pamba ambacho jina lake lataja nchi kilikotoka.

Leo mashine imeingia. Wavuvi wengi wana mota, nasi hatuwalaumu, maana mgonjwa wa Pate apelekwaye hospitali hawezi kungoja upepo. Tangu mwaka 2021 gati la bandari mpya ya Lamu hupokea meli kubwa. Lakini petroli hununuliwa, nayo huisha. Mota huharibika katikati ya bahari. Hapo asiyejua tanga huchukuliwa na mkondo, na ajuaye hurudi kwa watoto wake. Wahenga walisema, Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Lakini elimu hii haijafa. Mashindano ya mashua yangaliko Lamu, na vijana hukaa juu ya ubao uliotokeza upande wa joshi ili uzito wao usawazishe chombo. Mwaka 2018 mafundi walishusha majini chombo kilichoundwa kwa takataka za plastiki, kiitwacho Flipflopi, na mwaka 2019 kikasafiri kwa tanga mpaka Unguja.

Enyi walimu, wapeni watoto kipande cha mti mwepesi, kijiti na kitambaa, waunde mashua ndogo na kuielekeza kisimani au mtoni. Wafundisheni kutaja joshi, demani, foromali na mkuku. Ajuaye jina la kitu na kazi yake hakipotezi upesi.