Kengeleni: Mate ya Kichupani Hayasemi Yote

Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa, usikubali matatu ikupitishe Kengeleni bila kushuka. Pana kengele ya zamani, na jirani yake Kanisa la Emmanuel. Hii ndiyo Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamishenari wa CMS mnamo 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa na manowari za Waingereza kutoka majahazi ya watumwa. Wenyeji watakusimulia kwamba kengele ilipigwa kuwatahadharisha watu kila wafanyabiashara ya watumwa walipoonekana.

Miongoni mwa walioletwa hapa walikuwa Wayao, Wamakua na Wanyasa, wengi wao watoto. Mtoto aliyetekwa akiwa na miaka sita angekumbuka nini? Labda jina la mto. Alibatizwa jina jipya, na lile alilopewa na mamake likapotea.

Basi usishangae, msomaji, kijana wa ukoo kama huo akitamani kununua kipimo cha DNA cha nyumbani. Unatema mate kwenye kichupa, unakituma ng'ambo, na baada ya majuma kadhaa unaletewa asilimia. Lakini fahamu zinavyopatikana. Maabara hukulinganisha na watu ambao tayari imewapima. Ikiwa Wamakua waliopimwa ni haba, utaambiwa tu kwamba asili yako ni upande huu wa Afrika, jambo ambalo kioo kingekuambia bure! Isitoshe, kilembwe ana wazee 16 wa kizazi hicho; kila mmoja humwachia, kwa wastani, kama asilimia 6 tu ya urithi wake, na ndugu wa tumbo moja hawarithi sawa.

Faida kubwa hasa ni kuoanishwa na jamaa aliye hai, tuseme binamu wa mbali huko Malawi au Msumbiji, mradi naye awe amepimwa. Huyo ana kijiji na jina la ukoo.

Ila siri iliyo katika mate yako ni ya dada yako pia, na ya watoto wake. Waulize kwanza. Kampuni maarufu ya Marekani, 23andMe, ilikwenda mahakamani Machi 2025 baada ya kufilisika, kisha ikauzwa pamoja na habari za mamilioni ya wateja.

Kabla ya kutoa pesa, nenda Kengeleni Jumapili ibada ikimalizika, uketi na akina nyanya. Waulize kama wanakumbuka wimbo wa kubembelezea watoto ambao maneno yake hakuna tena ayajuaye. Yaandike yalivyo, ukamsomee mtu wa Malawi.