Farasi wa Kivinje

Mali ya nyumbani kwetu Kilwa Kivinje siku zote ilikuwa ya kubahatisha. Miaka ya 1980 ilipanda jahazi. Kusi likishika, babu alipakia nazi na ng'onda, na manahodha wakashindana nani atatia nanga Dar es Salaam mwanzo, maana wa mwanzo huuza kwa bei yake, wa nyuma hubembeleza. Siku hizo dukani tulichukua kwa daftari. Bibi hakutaka chombo kitajwe kabisa, akidai ni kukichuria. Kikirudi, zilitolewa gharama za safari, kisha mgao: fungu la chombo, la nahodha, na mafungu ya mabaharia. Kikirudi na hasara, mji mzima ulijua, na watu walikuja barazani kumpa babu pole.

Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, lori likavuka Rufiji bila kungoja pantoni ya Ndundu. Mzigo ukahamia barabarani. Jahazi letu lilikokotwa mikokoni, likabanduliwa mbao moja moja. Nyingine ni milango hadi leo.

Halafu vikaja vibanda vya kubeti. Mkeka wa mpira nauelewa. Mtu anayefuatilia Simba na Yanga anaweza walau kujidai anajua. Kilichonishinda ni farasi. Kivinje, mji wa punda na baiskeli, wanaume wazima wanaikodolea skrini macho: farasi wenye namba, mtangazaji anakimbiza Kiingereza, "Sita! Sita, twende baba!", na mbio zimekwisha hata kahawa haijapoa. Tiketi zinatupwa chini, nyingine zinakatwa.

Nairobi, kwenye uwanja wa Ngong, farasi ni wa nyama na damu. Mchezaji humtazama miguu kabla ya kutoa hela. Hawa wa kibandani hawajapata kuzaliwa. Mshindi huchaguliwa na kompyuta, na faida ya mwenye mchezo imeshapigiwa hesabu.

Baba mdogo, aliyekuwa baharia wa babu, alipeleka huko fedha za ufuta zilizokuwa za kununulia bati. Nilipomsema alinijibu kwamba hata bahari ilikuwa kamari. Sikubali. Nahodha upepo ukimzidi alipunguza tanga, au alikimbilia Songosongo kujistiri. Namba sita utampunguzia nini?

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyekwenda kumpa pole, kwa sababu hakumwambia mtu. Nyumbani alisema ushirika haujalipa, na kwa kuwa malipo huchelewa kweli, aliaminiwa. Siri ilifichuka jirani waliyeuza naye mnada mmoja alipopandisha bati zake juu ya paa. Msimu uliofuata mkewe alijiandikisha yeye ushirikani, na malipo ya ufuta sasa yanaingia kwa jina lake.