Anayeulizwa Siye Mwenye Siri

Katika enzi hii ya utandawazi, ambapo shughuli nyingi za raia zimehamishiwa mtandaoni, msamiati wa siri umepata kazi mpya katika Kiswahili. Wapo wasemao nywila, wapo wasemao nenosiri. Mjadala wa istilahi ipi ifaayo nawaachia wanaleksikografia. Linalonishughulisha hapa ni jambo dogo kuliko hilo, nalo ni kile kidirisha kinachojitokeza kwenye tarakilishi mara tu mtu aingiapo katika tovuti fulani, kikiuliza iwapo nywila iliyoandikwa ihifadhiwe. Nimekizuia kisiulize katika baadhi ya tovuti, na sababu zangu, nijuavyo mimi, ni za lugha na utamaduni kabla ya kuwa za teknolojia.

Nywila za tarakilishi zilianza kutumika mapema katika miaka ya 1960, katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts nchini Marekani, pale Fernando Corbató na wenzake walipounda mfumo wa CTSS. Sababu ilikuwa wazi: mashine ilikuwa moja, watumiaji walikuwa wengi, na kila mmoja alihitaji kabati lake. Yaani nywila ilizaliwa kutokana na ushirika. Programu za kutunza nywila zilizomo katika vivinjari vya leo, kinyume chake, huchukulia kwamba vidole vilivyo kwenye kibodi ni vya mwenye nywila. Huenda dhana hiyo ikafaa kwingineko. Katika nyumba nyingi za kwetu haifai.

Kipakatalishi changu ndicho pekee katika boma letu. Uingiapo mwezi wa Juni, kabla ya tarehe 30 ambayo ndiyo siku ya mwisho ya watu binafsi kuwasilisha taarifa zao kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, mimi hugeuka karani. Huja walimu waliostaafu, huja mabinamu, huja jirani aliyesikia kwamba kwetu hakulipishwi. Kila mmoja huketi kando yangu, akainama, akaninong'oneza nywila yake, nami nikaiandika. Hapo ndipo kidirisha hutokea na swali lake. Kisarufi swali hilo halina dosari. Dosari imo katika nafsi inayoulizwa. Linaniuliza mimi. Mwenye siri ameketi kando, na pengine hajui hata kwamba kuna swali.

Juni moja alikuja shangazi yangu. Nilipomwomba nywila alisita kidogo, kisha akasema, "Andika jina la marehemu, mwanangu, halafu mwaka wake." Sikuhitaji kuuliza ni marehemu yupi, ni mwanawe wa pekee wa kiume, ambaye tangu tumzike sijamsikia akimtaja kwa jina. Nikaandika. Kidirisha kikajitokeza.

"Hicho nacho chataka nini?"

"Chauliza kama kilitunze neno lako, shangazi."

"Kilitunze wapi?"

"Humu ndani ya mashine."

Akaitazama ile mashine, ambayo jioni watoto wa boma zima huizunguka kutazama kandanda, akasema, "Mwanangu, hilo nimekuambia wewe."

Nimeitafakari sentensi hiyo kuliko nilivyotafakari baadhi ya nadharia za uhakiki ninazosomea. Kiambishi cha mtendwa kimekwisha kufanya kazi yake katika "nimekuambia". Kiwakilishi "wewe" kimeongezwa ili kuweka mpaka. Aliyenipa si habari bali amana, na amana, hata ikikaa kwa mwingine, hubaki kuwa mali ya aliyeiweka. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Naam, lakini tukumbuke kazi ya kata: huingia mtungini, ikajua kina, ikamimina, kisha ikatundikwa kavu. Methali haisemi kwamba kata ilibaki na maji. Ghala la nywila ndani ya kivinjari hubaki nayo. Kwetu nywila ya kuifungulia mashine yenyewe yajulikana na wote, hivyo yeyote angeweza kulifungua ghala hilo na kulikuta jina la marehemu limeandikwa herufi kwa herufi, kando ya jina la kodi.

Basi nikajifunza kukataa. Kukataa kwenyewe kuna ngazi mbili, na wengi huzichanganya. Ukikifunga kidirisha tu, umekataa kwa leo. Kesho kitauliza tena. Ukichagua kutohifadhi kabisa, anwani ya tovuti ile huingizwa katika orodha ya tovuti zisizoulizwa, inayopatikana katika mipangilio ya nywila. Kitufe hicho katika Kiingereza hubeba neno moja lenye maana ya "kamwe", na hapa naomba nichepuke kidogo: kamwe yetu haisimami peke yake, hutaka kikanushi. Sihifadhi kamwe. Ni lazima aseme nani, na akanushe nini. Laiti programu zingetafsiriwa na watu wanaolijua hilo!

Orodha hiyo ina mipaka yake. Huzuia swali, haifuti kilichokwisha kuhifadhiwa. Hicho hufutwa chenyewe. Katika Firefox kila anwani huhesabiwa peke yake, kwa hivyo huduma moja yenye milango miwili ya kuingilia huenda ikahitaji kukataliwa mara mbili. Tena orodha yenyewe yaonekana: anayeifungua atajua ni wapi tulipokwenda, hata kama hajui tulisema nini huko.

Mtu angeuliza, kwa nini tovuti hizo zisijizuilie zenyewe? Zamani ziliweza kwa kiasi kikubwa, kwani ipo sifa ya kimsimbo ya kuagiza kivinjari kisikumbuke kilichoandikwa. Kuanzia Internet Explorer 11 mwaka wa 2013, Chrome 34 mwaka wa 2014 na Firefox 38 mwaka wa 2015, vivinjari viliacha kuitii sifa hiyo kwa upande wa nywila. Hoja ya waundaji ni kwamba mtu asiyesaidiwa kukumbuka huchagua nywila nyepesi na kuirudia kila mahali. Hoja hiyo naikubali. Nywila ya shangazi ni ushahidi wake. Lakini matokeo ni kwamba uamuzi umebaki kwa aliye na kibodi. Sheria yetu ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inapozungumzia idhini, inakusudia idhini ya mtu ambaye data inamhusu. Kidirisha hakijui tofauti hiyo.

Wenzangu wa sayansi ya tarakilishi hunikumbusha kuwa lipo dirisha la wageni lisilohifadhi kitu. Ni njia nzuri. Ila foleni ifikapo mlangoni, na chai imemwagwa, na mtandao umekatika mara tatu, napendelea kinga isiyonitegemea nikumbuke.

Orodha yangu sasa ina tovuti saba: ya ushuru, ya mikopo ya wanafunzi, ya malipo ya uzeeni, na nyingine za namna hiyo ambako huandika kwa niaba ya watu. Kwa maktaba ya chuo na barua pepe yangu nimekiacha kidirisha kiulize kipendavyo. Huko siri ni yangu, na ninayeulizwa ndimi.