Rangi ya Peugeot: Kurasa za Shajara

Jumamosi, 1 Juni 2024

Gari limefika karakana ya Chang'ombe leo asubuhi kwa magurudumu yake, bila kuvutwa. Peugeot 504, saluni, jeupe, ingawa weupe wenyewe umeshapauka kwa jua. Mtu aliyeniuzia aliishi nalo Tanga, karibu na bahari, na chumvi imekula chini ya milango, kwenye maungio ya fenda na kuzunguka kioo cha nyuma. Injini ni nzima. Bodi ndiyo mgonjwa.

Nilisubiri masika yapite. Mwaka huu yalikuwa mazito, na mwanzoni mwa Mei kikaja Kimbunga Hidaya. Sasa kipupwe kimeingia, unyevu umepungua na jua halichomi sana. Huu ndio wakati wa kupiga gari rangi hapa Dar es Salaam.

Kabla ya kuamua nilipita karakana kadhaa nikiuliza swali moja: mtaondoa rangi ya zamani mpaka wapi? Wa bei ndogo walijibu, "Tunapiga msasa wa juu juu, Sista, halafu tunapuliza." Mzee, fundi wa hapa Chang'ombe, hakutaja bei. Alitoa sumaku, akaifunga kwa kitambaa isikwaruze, akaipitisha kwenye milango na mafenda. Inaponasa, chini kuna bati. Inapoteleza, kuna puti. Iliteleza sehemu nyingi. Akasema, "Sista, hili limepakwa rangi juu ya kutu, tena zaidi ya mara moja. Tukitaka kazi ya kudumu tuanze na bati." Nikamwachia ufunguo.

Jumamosi, 8 Juni

Milango, boneti, buti, taa, mipira ya vioo na vitasa vyote vimetolewa. Karakana nyingi huacha kila kitu mahali pake na kuziba kwa gazeti na utepe. Gari linatoka mapema, lakini pale utepe ulipoishia hubaki ukingo wa rangi, na maganda huanzia hapohapo.

Puti ya zamani yote imebanduliwa. Chini yake nimeona matundu yanayopitisha kidole. Puti hunyonya unyevu. Ikiwekwa juu ya kutu inaufungia ndani, na bati linaendelea kuliwa huku nje kunang'aa, mpaka siku rangi inapotoa malengelenge. Mzee anakata kila kipande mpaka afike kwenye chuma safi, kisha anachomelea bati jipya la unene uleule. Hapunguzi hapo, na nimemwambia asipunguze. 504 saluni haina chesisi iliyotengana na bodi; bodi yenyewe ndiyo inayobeba gari. Kutu ya chini ya milango ni suala la usalama wa waliomo ndani, kabla hata hatujafika kwenye urembo.

Na gari hili linastahili. Lilizinduliwa 1968 likiwa na umbo la Pininfarina wa Italia, likawa Gari la Mwaka la Ulaya 1969. Ove Andersson alishinda nalo Safari Rally 1975, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na 504 ya milango miwili. Bodi iliyohimili barabara zile haifai kuzikwa chini ya puti.

Jumamosi, 15 Juni

Wiki ya kukwangua. Nimekuta vijana wawili wanasugua paa na mafenda kwa msasa mkavu, wamefunika pua kwa fulana. Rangi nyingi za magari ya rika la 504 zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake likivutwa huingia kwenye damu. Kwa watoto huharibu ubongo unaokua. Mtoto wa mama lishe alikuwa anacheza hatua chache kutoka pale.

Nilizungumza na Mzee pembeni, si mbele ya vijana wake. Amekubali: rangi ya zamani wataisugua kwa maji ili vumbi lisiruke, uchafu utakusanywa badala ya kufagiliwa mtaroni, na watoto hawatasogea upande ule. Nimeleta barakoa za vumbi zinazobana vizuri usoni. Vijana wamezivaa bila kinyongo. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwa nini.

Jumatano, 26 Juni

Sasa bati ni tupu, na hapa pwani bati tupu halilali nje. Asubuhi utalikuta limeshaanza kuwa jekundu. Kwa hiyo sehemu inayokamilika kusafishwa hupigwa praima ya epoksi siku hiyohiyo. Ndiyo inayoshika chuma na kuzuia maji.

Kisha puti, nyembamba, milimita chache tu, kwa kuziba mawimbi ya nyundo. Inasuguliwa kavu, kwa sababu ya tabia ile ya kunyonya maji: msasa namba 80 wa kutengeneza umbo, 180 wa kufuta mikwaruzo, 320 wa kulainisha. Juu yake praima nzito ya kujaza, halafu vumbi jepesi la rangi nyeusi linapulizwa kote. Msasa ukipita, palipoinuka panasafika na kuwa peupe, na penye bonde weusi unabaki. Kijana anayeshika ubao wa msasa hawezi kudanganya wala kudanganywa.

Mzee aliniita kwenye mlango wa dereva. "Sista, fumba macho. Pitisha kiganja taratibu." Jicho langu lilikuwa halijaona kitu, kiganja kikasikia mbonyeo mdogo karibu na kitasa. Mlango ukarudi kwenye puti. Hakuna mteja ambaye angelalamika leo. Lakini rangi ikishang'aa inakuwa kioo, na taa za barabarani zingepinda palepale kila usiku.

Jumamosi, 6 Julai

Nimeulizwa tena kama sitaki nyekundu au rangi ya fedha. Nimebaki na nyeupe. Rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi, na ukiibadilisha lazima utoe taarifa Mamlaka ya Mapato (TRA). Zaidi ya hilo, nataka lirudi kuwa lilivyokuwa.

Nyeupe nazo ni nyingi. Tulitafuta mahali ambapo jua halikufika, tukapata chini ya zulia la buti. Duka la Kariakoo wakachanganya kwa mizani, tone la njano hapa, chembe ya kijivu pale, wakipulizia kwenye kipande cha bati. Nililinganisha juani na kivulini kabla ya kulipa.

Wengi siku hizi wanapenda rangi ya chini na juu yake vanishi ya kung'aa. Mzee amenishauri rangi ya hatua moja, inayochanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha, na kung'aa yenyewe. Kwa rangi isiyo na chenga za metali inafaa kabisa, ikichubuka ni rahisi kurekebisha, na hakuna vanishi ya kubanduka juu ya paa. Pia tumechukua tina ya kukauka polepole. Ile ya haraka, kwenye joto na unyevu wa huku, huacha rangi na ukungu, au rangi hufika kwenye bati ikiwa imeshakuwa unga.

Jumanne, 9 Julai

Leo nimeandika kwa sababu sitaki kusahau. Hadina ina isosayaneti. Mvuke wake ni chanzo kinachojulikana cha pumu ya kazini. Mtu akishapata mzio nayo, kiasi kidogo sana kinatosha kumbana kifua. Barakoa ya vumbi haiizuii, na harufu haitoshi kumwonya, kwa kuwa huweza kudhuru kabla pua haijaisikia.

Nimemweleza Mzee haya yote. Alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Sisi tunakohoa, Sista, tunasema ni vumbi. Tunakunywa maziwa." Nimemwambia maziwa hayafiki kwenye mapafu. Tumekubaliana nitachangia kifaa cha kufunika uso kinachopelekewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba cha kupulizia, na kitabaki kuwa mali ya karakana. Gari moja halistahili pumzi ya mtu.

Jumamosi, 13 Julai

Wameanza alfajiri kabla upepo haujainua vumbi. Sakafu imemwagiwa maji. Kompresa imetolewa maji yaliyojikusanya ndani, chujio likakaguliwa, kwani tone moja la maji au mafuta hufanya rangi ikimbie na kuacha vishimo. Bodi ikafutwa mafuta kwa kitambaa safi.

Nilitazama kupitia dirishani. Mzee alishika bunduki ya rangi umbali wa shubiri moja hivi kutoka kwenye bati, mkono ukienda sambamba, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia. Mkono wa kwanza mwepesi. Akasubiri kama robo saa. Wa pili ukalowana, wa tatu ukajaza. Hakuna palipotiririka. Mzee alipovua kifaa usoni uso ulikuwa mkavu na safi, na hakukohoa.

Jumapili, 21 Julai

Vumbi kidogo lililonasa limeondolewa kwa msasa wa maji namba 2000, kisha gari likapigwa polishi. Milango inafunga kwa nafasi sawa juu hadi chini. Nta sitapaka kwa mwezi mzima, ili tina iliyobaki ndani ya rangi ipate kutoka.

Nimepitia hesabu. Rangi yenyewe ni sehemu ndogo ya nilicholipa. Sehemu kubwa imekwenda kwenye kukata, kuchomelea na msasa, kazi ambayo hakuna atakayeiona tena. Ndugu na majirani wameanza kuuliza bei, nami nitawajibu wote hivi: lipa siku za msasa, nunua kifaa cha kulinda mapafu ya fundi, na nenda ukaone bati likiwa tupu kabla halijafunikwa. Fundi asiyekubali ulione, usimwachie gari.