Usitupe katoni hiyo, mpe mtoto kwanza

Hebu nikuulize: uliponunua televisheni au jiko la gesi, katoni yake uliipeleka wapi? Najua. Huku kwetu Ruiru aghalabu huishia jalalani au kuwashia jiko la makaa, na walio werevu zaidi huwauzia wanunuzi wa karatasi wanaozipima kwa kilo. Mimi nakusihi umpe mwanao kwanza.

Nasema haya kwa sababu ya mahali tunapoishi. Mashamba ya kahawa ya Ruiru yamezidi kugeuka nyumba za kukodi, hasa tangu barabara kuu ya Thika ikamilike mwaka wa 2012. Jengo letu lina orofa tano na halina uwanja. Mtoto akishuka chini, yuko barabarani miongoni mwa bodaboda. Akicheza kwenye ngazi, msimamizi wa nyumba anafoka. Basi hubaki ndani na yaya, mbele ya televisheni, kutwa nzima. Kitindamimba wangu alifikisha miaka mitatu akiwa na maneno ya kuhesabika, na mengi ni ya katuni za Kiingereza. Daktari alimpima masikio, akasema hayana kasoro. Akatuagiza tuzungumze naye na acheze na wenzake. Kucheza wapi sasa?

Wifi yangu ana duka huko Makongeni, Thika. Jumapili moja tulipomzuru nilitoka na katoni nne: mbili za mafuta ya kupikia, moja ya sabuni, na moja kubwa ya friji. Hiyo ya friji niliikunja, lakini kondakta alinitoza nauli ya mtu mzima, wala hakuwa na mzaha.

Kabla ya kumkabidhi mtoto, ng'oa pini zote za chuma kwa koleo. Chungulia ndani ya mikunjo, maana mende hupenda kutaga humo, kisha ianike juani siku nzima. Iliyobeba dawa ya wadudu usiiguse kabisa. Kisu ni chako wewe mzazi. Mtoto akuonyeshe anapotaka dirisha, nawe umkatie.

Halafu kaa kando. Kuna wazazi ambao hukata, wakapaka rangi na kupamba, hata nyumba ikawa ya kupendeza na mtoto akabaki mtazamaji. Kwetu, kifunguamimba wangu wa miaka sita alichora magurudumu kwa kipande cha makaa, na friji ikawa matatu ya Thika. Yeye kondakta, nduguye dereva. Sasa niambie, utakuwaje dereva wa matatu ukiwa kimya? Siku ya pili nikiwa jikoni nilisikia sauti nisiyoizoea ikifoka: "Lipa! Lipa kwanza!" Niliacha mboga ziungue.

Matatu ile baadaye ilikuwa hospitali, kisha nyumba ya kalongolongo, na ilipopasuka ikawa mkeka. Katoni ndogo zilitobolewa, wakawa wanarushia humo soksi zilizofungwa duara. Nyingine ziliunganishwa kwa kamba zikawa gari la moshi. Baba watoto alinung'unika kwamba sebule imegeuka bohari. Jumamosi nilimkuta ndani ya matatu, magoti kidevuni, akisubiri chenji.

Usidhani ni dhiki tu inayonisemesha. Mwaka wa 2005 jumba la makumbusho ya michezo la Strong, mjini Rochester, Marekani, liliingiza katoni katika orodha yake ya vitu bora vya kuchezea, iliyokuwa tayari na mwanasesere Barbie. Mwaka wa 2008 wakaongeza kijiti. Watoto wa Murang'a wangewaambia hayo bila kulipwa.

Kitindamimba wangu bado si msemaji sana, na kliniki tunaendelea kwenda. Lakini akiamka huuliza katoni iko wapi, kwa sentensi nzima.

Kama huna wifi mwenye duka, fika kwenye maduka ya jumla asubuhi, kabla wanunuzi wa karatasi hawajapita. Ya mwisho niliipata hapa Ruiru kwa shilingi 20, nami sikubishana bei.