Mifupa ya Edinburgh

Mjini Edinburgh, Uskochi, katika makumbusho ya anatomia ya Chuo Kikuu, kimehifadhiwa kiunzi cha mifupa ya William Burke. Mnamo mwaka 1828, yeye na mwenzake William Hare waliua watu 16, wengi wao mafukara, wakamwuzia maiti zao Daktari Robert Knox, azipasue mbele ya wanafunzi wake. Hare alitoa ushahidi, akaachiliwa. Burke alinyongwa tarehe 28 Januari 1829, naye akapasuliwa vile vile. Knox hakushtakiwa. Sheria ya mwaka 1832 ilikusudia kuikomesha biashara hiyo: ikaruhusu madaktari wapewe maiti za maskini wasio na wa kuwazika. Mnunuzi alisalimika, mnyonge akabaki palepale mezani.